Naomba ushauri: amplifaya ya valvu ya wati 15 au 40 kwa kumbi ndogo?

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Bendi yetu inapiga rumba kwenye kumbi ndogo za Kirumba na Igoma, Mwanza, dramu zikiwa hazina maiki. Gitaa la solo linatumia Fender Blues Junior: wati 15, valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) mbili za EL84, spika ya inchi 12. Sauti inatakiwa ibaki safi, lakini nikipandisha volyumu ili niende sawa na dramu, noti zinaanza kukwaruza na sebene inageuka roki.

Nimeshatoa valvu ndogo ya kwanza, 12AX7, nikaweka 5751, ambayo geini yake (kiasi inachokuza sauti) ni ndogo. Hatua ya mwanzo ya amplifaya imetulia, ila mkwaruzo upo palepale, kwa hiyo nadhani EL84, zile zinazosukuma spika, ndizo zimefika mwisho wa nguvu zake. Kuweka maiki mbele ya spika kunasaidia wasikilizaji. Jukwaani bado hatusikilizani.

Nimepata amplifaya nyingine ya Fender, Hot Rod Deluxe iliyotumika, wati 40, valvu mbili za 6L6. Ila ni ya soko la Marekani, volti 120, hezi 60. (Uzito wake kwenye bodaboda ni kesi nyingine.)

Maswali yangu:

Je, nichukue hiyo, au nibadilishe spika tu ya Blues Junior? Kutoka spika inayotoa desibeli 97 kwa wati moja hadi ya 100 ni sawa na kuzidisha wati mara mbili, na ni rahisi zaidi.

Nikiichukua, transfoma ya kushusha volti 230 zetu iwe ya VA (kipimo cha uwezo wake) ngapi, na hezi 50 zetu hazitaichemsha transfoma ya ndani ya amplifaya? Usiku umeme hushuka hadi volti 190, je, stabilaiza nayo ni lazima?