Kamati ya Uinjilisti: bajeti ya Kibiti

Katibu: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Rasimu ya bajeti ya safari ya injili Kibiti hii hapa, naomba tuipitie kabla ya kikao cha Jumapili.
Kukodi mitambo ya sauti na jenereta 900,000
Costa 750,000
Chakula, watu 22, siku 4: 600,000
Fulana 330,000
Mabango 120,000
Ufuatiliaji 100,000
Dharura 200,000
Jumla 3,000,000. Tarehe napendekeza wiki inayofuata Pasaka, watu wengi wana likizo.

Mama Neema: Amina Katibu, kazi nzuri. Ila hiyo wiki si ndiyo masika yenyewe?

Baba Joshua: Ndiyo yenyewe. Mkishaacha lami kuna kama kilomita 30 za udongo mweusi. Ikinyesha nusu saa tu gari linaserereka kama limepakwa sabuni. Costa haitoboi.

Katibu: Basi Juni?

Mwinjilisti: Juni na Julai njia imekauka, lakini watu hawapo. Kule wanalima ufuta na mpunga, na wakati wa mavuno familia nzima inahamia shamba. Mnafika kijijini mnakuta kuku na bibi mmoja anaanika mihogo. Mimi ningesema mwisho wa Agosti. Mavuno yameingia ndani, korosho bado hazijaanza kuokotwa. Wenye mikorosho wanapuliza salfa, dawa ya ukungu, lakini hiyo ni kazi ya alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani. Jioni wanakuwa nyumbani.

Na Katibu, kabla ya kuandika tarehe tazama vitu vitatu: siku ya gulio (usipambane na gulio, utashindwa), sikukuu za Kiislamu maana zinahama kila mwaka, na mwezi. Wiki ya mbalamwezi watu wanakaa hadi mwisho. Wiki ya giza, saa kumi na mbili na nusu kina mama wanaanza kuondoka na watoto, na hawajakosea.

Katibu: La mwezi sikuwa nalo kabisa 😅 Nimeandika. Mwisho wa Agosti.

Fundi Mitambo: Shikamooni. Kuhusu jenereta, ya kVA 2.5 inatosha. Hiyo ni kama kilowati 2 za kweli. Amplifaya, mixa na taa nne havifiki hata wati 1,200. Mafuta piga hesabu ya lita 1 kwa saa, weka lita 15. Waya wa kutoka kwenye jenereta uwe wa mm 2.5. Wengi wanabeba wa 1.5, wanauvuta mita 50 ili kelele ya injini iwe mbali, umeme unafika umepungua, halafu amplifaya ikijizima katikati ya mahubiri tunasema ni shetani. Na msijaze mafuta injini ikiwa inaunguruma, zima, iache ipoe kwanza.

Mzee wa Kanisa: Marahaba mwanangu. Kitongoji tunachokwenda kina kaya ngapi?

Mwinjilisti: Sitini na kidogo.

Mzee wa Kanisa: Sensa ya 2022 ilitoa wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Sitini ni kama watu 260, na watoto wachanga wamo. Wakija theluthi moja tumshukuru Mungu. Watu 85 chini ya mwembe, jenereta ya nini?

Fundi Mitambo: Mzee umenibana 😂 Kwa watu 85 spika ya honi moja ya wati 50 inatosha, ile ya usharika iliyopo stoo. Inavuta kama ampea 4 hivi kwenye betri ya volti 12. Betri ya gari ya Ah 50, ukitumia nusu yake tu ili usiiue, inakupa saa tano na zaidi. Ratiba ni saa mbili na nusu kwa jioni, kwa hiyo siku mbili kabla ya kuchaji. Ubaya wake ni mmoja: honi inabeba maneno vizuri, kwaya inaifanya isikike kama ipo ndani ya debe.

Mama Neema: Kwaya iimbe bila spika. Chini ya mwembe inasikika.

Katibu: Nafuta 900,000? Vijana wa kwaya watanipiga mawe.

Mwinjilisti: Wacha wakupige. Kuna jambo kubwa kuliko hilo. Tazama mstari wa ufuatiliaji: 100,000. Bajeti nzima inaishia siku ya nne tunapopakia sufuria. Mtu aliyeinua mkono kumpokea Yesu Jumamosi, Jumatatu ana maswali: nimwambie nini mume wangu, nizikwe wapi, mtoto akiugua nimwite nani aombe. Kama hakuna wa kumjibu, kufika Desemba anarudi alikotoka, na safari nyingine akiona gari letu anajificha. Hapo tumeharibu kuliko tungekaa Dar.

Baba Joshua: Hapo umenena.

Mzee wa Kanisa: Nakubaliana. Watu 22 wa nini? Tisa wanatosha: wawili wawili jozi nne na mpishi. Mkiwa 22 kijiji kinaona msafara, kinakaa pembeni kutazama.

Mama Neema: Nami hesabu ya jikoni itanipungukia. Watu 22 maji ya kunywa tu lita 3 kwa mtu kwa siku, kwa siku nne ni lita 264, madumu 14. Tisa ni lita 108, madumu 6. Unga wa ugali robo kilo kwa mtu kwa mlo. Na tubebe chakula chetu chote na mkaa wetu. Kisima cha kitongoji kikiwa kimoja, tukichota asubuhi yote tumewakosea kabla hatujafungua mdomo.

Dada Upendo: Mambo ya vibali nani anashughulikia? Nauliza maana hapo ndipo safari nyingi zinakwamia.

Mzee wa Kanisa: Barua ya usharika kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata. Taja siku, saa za kuanza na kumaliza, uwanja, na namba ya simu ya mtu mmoja anayewajibika, siyo watatu. Polisi wa wilaya wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla ya mkutano, mkabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Lakini karatasi pekee haitoshi. Watu wawili waende wiki tatu kabla, wamsalimie mwenyekiti wa kitongoji, wazee, na imamu wa msikiti. Mwenyekiti wa kitongoji akisikia habari zenu kutoka kwenye spika, hata kama wilayani wameruhusu, atawazimia spika kwa haki kabisa. Hodi hupigwa mlangoni.

Dada Upendo: Kwa imamu tunaomba ruhusa?

Mzee wa Kanisa: Hapana, mnatoa taarifa na heshima. Mnamwonyesha uwanja, mnamuuliza saa za swala, mnaigeuza honi itazame upande mwingine. Adhana ikianza mnanyamaza, siyo kupunguza sauti. Na mhubiri asiguse dini ya mtu. Kukashifu dini ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na kabla ya kuwa kosa la sheria ni ujinga: nusu ya watu mnaowahubiria mama zao ni Waislamu.

Baba Joshua: Amina. Mhubiri ahubiri Yesu, basi.

Dada Upendo: Nyumba kwa nyumba mimi ningesema hivi. Jozi iwe mwanamke na mwanaume. Kama mwenye nyumba hayupo, mnakaa nje kwenye mkeka, hamwingii ndani. Mkikaribishwa uji mnakunywa, kwa hiyo nyumba tano kwa jioni ni nyingi. Daftari lisitolewe mbele ya mtu kama la karani wa sensa. Mkishaaga ndipo mnaandika: jina, kitongoji, alama ya nyumba ("nyuma ya mkorosho uliokatika"), alichouliza, nani atarudi na lini. Ile "lini" ndiyo inayosahaulika. Watoto hawaombewi toba wala kuandikwa bila mzazi kujua. Na picha hapana, labda mtu akiomba mwenyewe.

Kijana wa Kwaya: Dada na nguo? Tulikuwa tumekusanya mitumba magunia mawili tuwagawie.

Dada Upendo: Mdogo wangu, hiyo hapana kabisa. Mkigawa siku ya kwanza, siku ya pili uwanja umejaa, na hamtajua nani amekuja kusikia na nani amekuja kwa suruali. Safari ijayo mkija bila gunia mnaulizwa mmeficha wapi. Na jirani Mwislamu ataona tunanunua watu. Zikabidhiwe kwa walimu wa shule ya msingi, wanajua nani hana sare, na zitolewe bila jina la kanisa.

Kijana wa Kwaya: Sawa dada, nimeelewa 🙏

Mwinjilisti: Sasa wasiosoma. Wazee wengi pale Biblia ya karatasi wataipokea kwa heshima, wataifunga kwenye kitambaa na kuiweka juu ya kabati. Lakini simu ya batani yenye redio na tundu la memori kadi iko karibu kila nyumba. Agano Jipya la sauti kwa Kiswahili lipo, tuombe ruhusa ya kunakili kwa wenye haki. Kadi 30.

Fundi Mitambo: Hilo niachieni. Ila mjue: simu ndogo hazisomi kila kadi, iwe ya GB 32 kwenda chini, na iwe imeformatiwa kwa mfumo wa FAT32. Ukubwa siyo tatizo, kwa ubora wa kbps 64 saa moja ya sauti ni kama megabaiti 29, GB 4 inabeba saa zaidi ya 130. Tatizo ni mpangilio. Simu nyingi za batani hazifuati jina la faili, zinafuata lililonakiliwa kwanza. Ukiburuta folda nzima kwa pamoja, mzee anasikia Marko 7, halafu Marko 2, halafu mazishi ya Yesu. Anadhani ndivyo ilivyoandikwa.

Mama Neema: 😂😂 Jamani!

Baba Joshua: Tusisahau la kiwanja. Mara nyingi mtu mmoja mwenye furaha anasema "jengeni hapa kwangu". Akifariki, watoto wanakuja na panga. Msiweke hata nguzo kabla halmashauri ya kijiji haijapitisha na muhtasari kusainiwa. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Na. 5 ya 1999. Mwaka wa kwanza mwembe unatosha.

Mwinjilisti: Na sadaka ipokelewe kama ilivyo. Yai, nazi tatu, kisado cha mchele. Baada ya ibada inanadiwa palepale, anayenunua analipa, pesa inaandikwa mbele ya watu na mweka hazina awe mwenyeji. Mtu wa Dar asishike daftari hilo hata Jumapili moja.

Katibu: Nimekaa na kikokotoo. Bajeti mpya:
Safari ya maandalizi, watu wawili 120,000
Noah mbili 400,000
Chaji na nyaya 50,000
Chakula watu 9: 270,000
Kadi 30 kwa 8,000: 240,000
Baiskeli ya mwinjilisti 350,000
Posho ya mwinjilisti wa kukaa kijijini, miezi 6 kwa 200,000: 1,200,000
Biblia na madaftari 170,000
Dharura 200,000
Jumla ileile 3,000,000. Fulana na mabango nimefuta.

Mzee wa Kanisa: Sasa hii naweza kuisimamia mbele ya baraza. Baiskeli iwe ya chuma yenye keria imara, siyo ya gia. Gia ikiharibika kule hakuna fundi.

Mama Neema: Miezi 6 ikiisha?

Mwinjilisti: Mwezi wa nne wa posho tunakaa na wenyeji tujue wanaweza kubeba kiasi gani, hata kama ni debe la mchele kwa mwezi. Tusisubiri wa sita.

Katibu: Imeingia kwenye agenda. Fundi, kadi zikinunuliwa wiki hii utazimaliza lini?

Fundi Mitambo: Kadi moja dakika 20 hivi, faili moja moja kwa mpangilio. Nipe jioni nne. Na mtu wa kuzisikiliza mwanzo wa kila kitabu kabla hazijafungwa.

Mama Neema: Mimi nitasikiliza. Niletee Mathayo kesho.