Soya yangu haina vinundu ingawa nilichanja mbegu

Mkulima wa Nachingwea: Habari za kazi, ndugu wakulima. Nimepanda soya ekari 1 mahali palipokuwa na karanga, na mbegu niliichanja kwa bakteria wa unga. Sasa ina wiki 6, majani yamepauka, na nilipong'oa miche michache sikuona vinundu, vile vivimbe vidogo vya mizizini ambamo bakteria hao hukaa. Karanga zilikuwa navyo tele bila kuchanjwa. Je, niweke urea, ile mbolea ya naitrojeni?

Bwana Shamba Mstaafu: Ndugu, kwanza usiing'oe, kwa maana vinundu hukatika na kubaki ardhini, chimba kwa jembe, uoshe mizizi taratibu, kisha upasue kinundu kimoja. Kikiwa chekundu ndani kinafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani. Kikiwa cheupe au kijani, hakina faida kwa mmea. Kuhusu karanga, hizo hupatana na bakteria waliozoea udongo wetu, lakini soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na aina nyingi zake humtaka bakteria wa kwao aitwaye Bradyrhizobium, ambaye hayumo katika shamba lisilowahi kupandwa soya. Pakiti ilihifadhiwa wapi?

Mkulima wa Nachingwea: Dukani ilikuwa rafuni, chini ya bati. Nilichanja jioni nikapanda kesho yake mchana, na mbegu yenyewe ilikuwa na rangi ya dawa ya ukungu.

Bwana Shamba Mstaafu: Basi huenda ulipanda bakteria waliokwisha kufa. Hao ni viumbe hai: joto, jua na baadhi ya dawa za mbegu huwaua. Mbegu hulowanishwa kidogo kwa maji ya sukari ili unga ushike, huchanganywa kivulini, na hupandwa siku ile ile katika udongo wenye unyevu, ikifukiwa papo hapo.

Mama Soya, Masasi: Naongeza mawili. Ukichimba ukakuta hakuna kitu, urea kidogo msimu huu itaiokoa, ila msimu ujao usianze nayo, kwa sababu mmea uliopewa naitrojeni nyingi mapema hauhangaiki kutengeneza vinundu. Unachohitaji wakati wa kupanda ni fosforasi. La pili, kama shamba lina mikorosho inayopuliziwa salfa ya unga miaka yote (sisi wa kusini tunaijua hiyo), pima kwanza uchachu wa udongo, maana salfa huuongeza, na bakteria hawa hawaupendi.

Mkulima wa Nachingwea: Nimechimba miche 10. Vinundu ni 3 tu, vyote vyeupe ndani. Kesho naweka urea, na mikorosho ipo.