Vidole vimevimba, vipimo havielewani: nianze dawa?

Muulizaji: Habari zenu. Vifundo vya vidole vyangu huvimba mara kwa mara, na asubuhi siwezi kufungua kizibo cha chupa hadi saa nzima ipite. Kipimo cha CRP (cha damu, kinachoonyesha uvimbe mwilini) kiko juu, ilhali kingamwili za baridi yabisi hazikuonekana. Daktari mmoja anataja baridi yabisi, mwingine anashuku lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe). Je, ni sawa kuanza dawa kabla ugonjwa haujajulikana?

Jibu: Pole sana. Kukosekana kwa kingamwili hizo hakuondoi baridi yabisi, kwani wapo wagonjwa ambao damu yao haizionyeshi kabisa. Vilevile, kipimo cha ANA (cha kingamwili zinazotafutwa lupasi inaposhukiwa) huweza kuwa chanya kwa mtu asiye na lupasi. Matibabu mara nyingi huanza mapema, kwa sababu uvimbe ukiachwa hula gegedu (tishu inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) na mfupa wakati majina bado yanajadiliwa.

Jibu: Piga picha vidole vikiwa vimevimba, maana siku ya kliniki huwa vimenywea (ndivyo vilivyo!). Usimeze prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) kabla ya kuonwa, kwa kuwa hufifisha dalili.

Muulizaji: Asanteni. Nimeanza kupiga picha.