Nimeuliza habari ya zahanati, nikaulizwa kadi ya chama

Wanajukwaa, salaam. Nimetoka mkutanoni sasa hivi, viatu vyangu bado vina tope la milima ya Uporoto, huku Mbeya, na ninaandika kabla hasira haijapoa. Yule mheshimiwa, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa kila anayeishi huku juu ya Uyole anaijua kofia yake, ameniuliza mbele ya kijiji kizima: "Kwani wewe una kadi ya chama gani?"

Mimi nilikuwa nimeuliza habari ya boma la zahanati. Tulilijenga wenyewe kwa kusomba mawe na kuchangishana hela za viazi, tukalifikisha kwenye lenta tukiamini kwamba serikali ingeezeka, na sasa miti iliyoota ndani yake inakaribia kutupatia mbao za kenchi. Mpango wa zahanati kwa kila kijiji ulianza mwaka 2007. Mtoto aliyezaliwa njiani mwaka huo, mama yake akikimbizwa mjini, leo ndiye dereva wa bodaboda anayewakimbiza wajawazito wengine.

Nikajibiwa nini? Kadi ya chama gani! Akadai kwamba waliomtangulia, wa upande ule, ndio waliokwamisha fedha. Nao wa upande ule, waliokuwa nyuma wakitafuna mahindi ya kuchoma, wakasimama na kusema kwamba fungu linazuiwa na upande huu. Mama yangu, mgonjwa wa presha, alikuwa ameketi juu ya jiwe akisikiliza mwanawe anavyoulizwa kadi. Kadi! Hata kipaza sauti kilikoroma kwa aibu.

Mtani wa Makambako: Pole sana, mkuu. Lakini swali hukulijibu.

Mwenye uzi: Kadi niliyo nayo ni ya kliniki.

Mama wa Tukuyu: Shukuru una boma, mwanangu. Zahanati yetu imezinduliwa mara mbili, kila upande ukiwa na utepe wake, lakini dawa tunaandikiwa tukanunue nje.

Mzee wa Ipogolo: Mnalilia majengo wakati tatizo ni bima. Muswada wa bima ya afya kwa wote uliingia bungeni mwaka 2022, ukaahirishwa, ukapitishwa Novemba 2023, na muda wote huo jirani zangu wawili wa vyama tofauti walikuwa wakinieleza kwamba mkwamo ni kosa la mwenzake, ilhali CHF yangu, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita ilikuwa ikikataliwa kila nilipovuka mkoa.

Kijana wa Soweto: Mzee, angalau ulikuwa nayo. Mimi nilikuwa nimeshatenga shilingi 50,400 za Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa mwaka 2023.

Mzee wa Ipogolo: Hilo waulize wa upande ule.

Mama wa Tukuyu: Upande upi, baba? Utepe wa pili ulikatwa na watu wako. Nilikuwepo, na soda tulizoahidiwa hatujaziona mpaka leo.