Chanjo ya GnRH kwa wanyama: mbona peptidi peke yake haitoshi?

Wakuu habari zenu, nasoma mambo ya chanjo za kuzuia uzazi kwa wanyama, zile zinazolenga GnRH (homoni ya ubongo inayoamsha homoni za uzazi), sasa kuna kitu kinanisumbua. Hii GnRH ni kapeptidi, yaani kamnyororo kadogo ka amino asidi 10 tu, kukatengeneza maabara wala sio kazi kubwa, sasa mbona hawamdungi mnyama hako hako, mpaka wahangaike kukabandika kwenye protini kubwa? Na kanabandikwa upande gani?

Jibu 1
Mkuu, GnRH ni mali ya mwili wenyewe, kinga ya mnyama ishazoea kuiacha, halafu ni ndogo mno, hata udunge nyingi vipi seli T (seli za kinga zinazosaidia kutengeneza antibodi) hazishtuki, na bila seli T msaidizi huzipati antibodi za maana. Ndio maana inabandikwa kwenye protini ambayo mwili unaiona mgeni kabisa, kama toksoidi ya dondakoo (sumu ya bakteria wa dondakoo iliyoondolewa makali) au KLH inayotoka kwenye damu ya konokono wa baharini, kinga ikiichachamalia hiyo protini na GnRH inakamatwa humo humo. Antibodi zikijaa zinainasa GnRH kabla haijafika pituitari (tezi iliyo chini ya ubongo), LH na FSH, homoni zinazoendesha ovari na korodani, zinashuka, ovari au korodani zinasinyaa. Chanjo ya Improvac ya nguruwe dume ndio hivyo, dozi mbili zikipishana angalau wiki 4, ya kwanza inaamsha kinga tu, kazi unaiona baada ya ya pili.

Jibu 2
Kuhusu upande: ukibandika kwa ncha ya N (mwanzo wa mnyororo), ile ya C (mwisho wake) inabaki wazi, na antibodi nyingi zitafuata kilicho wazi. Wengine wanatoa glisini, amino asidi ya nafasi ya 6, wanaweka nyingine iitwayo D-laisini, wanabandikia hapo katikati ili ncha zote ziwe huru. Ila angalia protini ya kubebea isitawale, maana kinga inaweza kuhangaika nayo yenyewe ukabaki na antibodi kiduchu za GnRH.

Muulizaji
Asanteni sana. Na uzazi unarudi?

Jibu 1
Mara nyingi unarudi antibodi zikishuka, ila wanyama hawalingani, na adjuvanti (kinachochanganywa na chanjo kuichochea kinga) ina mchango mkubwa. Chanjo ya GonaCon, iliyosajiliwa Marekani 2009 kwa kulungu wa mkia mweupe, iko kwenye mafuta pamoja na bakteria waliouawa wa Mycobacterium avium, dozi moja inaweza kushika zaidi ya mwaka.

Jibu 3
Na sindano mshike kwa makini jamani, GnRH yetu binadamu ni ile ile ya nguruwe, ukijidunga kwa bahati mbaya nenda hospitali, na usishike tena hiyo chanjo maisha yako yote.