Viza ya F-1 (ya mwanafunzi, Marekani), saikolojia mwaka wa pili: hela ya utafiti chini ya profesa inapatikana wapi?

mtoto_wa_Moshi
Wakuu, habari za saa hizi. Nasoma saikolojia chuo cha jimbo, Ohio, mwaka wa pili, viza ya F-1. Profesa wa maabara ya kumbukumbu na umakini amekubali kunisimamia nifanye utafiti wangu mwenyewe kiangazi kijacho, ila hela nitafute mwenyewe. Karibu kila tangazo ninalofungua linataka raia au mkazi wa kudumu. Nahitaji hela ya kuwalipa washiriki, na hela ya kula kwa wiki kumi. Nianzie wapi?

Mzigo_wa_Maabara
Mkuu, kwanza futa zilizofungwa usipoteze wikiendi: REU (nafasi za utafiti kwa wanafunzi) za NSF, shirika la sayansi la serikali ya Marekani, na programu za McNair na Leadership Alliance. Zote ni za raia na wakazi wa kudumu, na hakuna barua ya profesa inayobadilisha hilo.

Ila hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Sharti la uraia liko kwenye fedha za REU, haliko kwenye kila dola ya NSF. Ruzuku ya kawaida ya utafiti mara nyingi huwa na fungu la mishahara ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, na fungu hilo haliulizi pasipoti. Ingiza majina ya maprofesa wa idara yako, mmoja mmoja, kwenye NSF Award Search na NIH RePORTER, hifadhidata za ruzuku za NSF na za NIH (taasisi za taifa za afya). Ni bure, na utaona kiasi, muhtasari na tarehe ya kuisha. Ukikuta mwenye ruzuku ya R15 ya NIH, mfuate hata kama mada yake si yako: aina hiyo imewekwa kwa vyuo visivyopokea fedha nyingi za NIH, na kuwaingiza wanafunzi kwenye utafiti ni mojawapo ya malengo yake.

Ukitoka hapo nenda ofisi ya chuo ya utafiti wa wanafunzi. MIT walianzisha UROP, programu yao ya utafiti wa wanafunzi, mwaka 1969 na vyuo vingi vikaiga mpaka jina. Soma masharti ya kila mfuko peke yake, maana mifuko miwili ya ofisi hiyohiyo inaweza kutofautiana kuhusu uraia.

Halafu Psi Chi, jumuiya ya heshima ya saikolojia iliyoanza 1929. Ruzuku zake zinafuata uanachama. Kujiunga kunataka uwe umemaliza mihula mitatu, una krediti 9 za saikolojia, wastani wa alama (GPA) wa 3.0, na uko kwenye asilimia 35 ya juu ya wenzako. Tawi la chuo chenu linaweza kuweka kiwango cha juu zaidi. Jiunge muhula huu. Matawi mengi hupitisha majina kwa mkupuo, kwa hiyo ukisubiri tangazo la ruzuku litoke ndipo ujiunge, umechelewa.

Bibi_Takwimu
Mdogo wangu, kabla ya kuomba hela ya washiriki, jiulize kama unaihitaji. Idara nyingi zina kundi la wanafunzi wa saikolojia ya utangulizi wanaoshiriki tafiti ili wapate alama za kozi. Hao ni bure, ila kiangazi kundi hilo huwa tupu. Kusanya data Februari hadi Aprili, kiangazi ufanye uchambuzi na kuandika. Hapo ombi lako linabaki posho tu, na ombi dogo lililopangwa vizuri lina nafasi kubwa zaidi.

Ukilazimika kulipa, usiandike "washiriki, dola 1,000" ukaishia hapo. Onyesha hesabu. Makundi mawili, athari ya wastani (d = 0.5), nguvu ya kitakwimu 0.80 (uwezekano wa kuiona athari ikiwepo), alfa 0.05 pande mbili (uwezekano wa kuiona isipokuwepo): G*Power, programu ya kukokotoa idadi ya washiriki, inakupa watu 64 kila kundi, jumla 128. Wapo watakaoshindwa maswali ya umakini. Ukitarajia kutupa asilimia 10, andikisha 143. Dakika 15 kwa kiwango cha dola 12 kwa saa ni dola 3 kila mmoja, yaani 429. Ada ya jukwaa la mtandaoni la kupata washiriki, kama Prolific, tuchukulie ni theluthi, 143. Jumla 572. (Prolific hawakubali chini ya dola 8 kwa saa, na ada yao hubadilika, kwa hiyo itazame siku unayoandika.) Programu usiziombee hela: PsychoPy, jamovi na R ni bure.

Kamati ya maadili ya utafiti ndiyo inayokwamisha ratiba. Hata utafiti mwepesi wa dodoso, huwezi kujiamulia mwenyewe kwamba hauhitaji kupitiwa; ofisi ndiyo inayotamka. Mifuko mingi haitoi hela bila namba ya kibali. Kama malipo ni kadi za zawadi, pita kwa mhasibu wa idara kwanza. Mara nyingi anataka orodha ya majina ya waliopokea, na wewe kwenye fomu ya maadili umeahidi hakuna jina litakaloandikwa. Mgongano huo ukigunduliwa katikati, utafiti unasimama.

KodiNaKaratasi
Naongeza upande wa makaratasi, kwa sababu neno litakalotumika kukulipa lina uzito kuliko kiasi.

Mshahara wa kazi ndani ya chuo: mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, likizo unaweza kufanya muda kamili. Kwa miaka mitano ya kalenda ya mwanzo F-1 hukatwi hifadhi ya jamii wala Medicare (bima ya afya ya wazee). Utahitaji namba ya hifadhi ya jamii, na hiyo inaombwa kwa barua mbili: ya mwajiri na ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Posho isiyo ya kazi haihesabiwi saa, lakini F-1 huzuiwa asilimia 14 kwa sehemu inayotozwa kodi. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo hakuna nafuu. Posho ya 3,500 itakufikia 3,010. Mwakani unapata fomu 1042-S (inayoonyesha ulichozuiwa), unajaza 1040-NR (marejesho ya kodi ya mgeni). Kama huna kipato kingine, kodi halisi ya asilimia 10 ni 350, unarudishiwa 140. Wengi hawajazi, wanaiacha huko.

Wakikushauri uchukue utafiti kama kozi ya kiangazi, uliza bei ya krediti kwanza. Unaweza kulipa ada kubwa kuliko posho.

mtoto_wa_Moshi
Asanteni sana. Nimeangalia: profesa ana ruzuku ya NSF, inaisha Julai 31. Ndiyo basi?

Mzigo_wa_Maabara
Bado. Kuna nyongeza ya muda bila fedha mpya. Ya kwanza, hadi miezi 12, chuo chenyewe kinaidhinisha, ila NSF iarifiwe angalau siku 10 kabla ya tarehe ya kuisha. Kanuni haikubali kuongeza muda kwa sababu tu hela imebaki. Lazima kuwe na kazi ya ruzuku ambayo haijakamilika. Kwa hiyo soma muhtasari wake, tafuta swali lako linaangukia wapi humo, kisha mwandikie aya moja: sehemu hii bado, naweza kuifanya kwa wiki kumi, saa kadhaa kwa wiki, je fungu la mishahara ya wanafunzi lina salio? Mtumie sasa, usingoje Juni.