Tupeane uzoefu: mliosubiri king'amuzi kipya cha kurekodi, mlisubiri muda gani na rekodi za zamani mlizifanyaje?

#1 Mleta mada, Tanga

Wakuu habari za jioni. Nimeona nilete hili hapa maana kila nikienda kwa wakala jibu ni lile lile, mzigo uko njiani. Mimi napiga kazi ya shifti bandarini, wiki hii usiku wiki ijayo mchana, kwahiyo mechi na taarifa ya habari naziona kwa kurekodi tu, bila hivyo king'amuzi kwangu hakina kazi. Hiki nilichonacho kina mwaka wa nane sasa, disk imeanza kutoa mlio kama mtu anakwaruza sufuria, rimoti unabonyeza kinakaa weee ndo kinaitika, na kikiwa kinarekodi chaneli mbili huwezi kuangalia ya tatu. Mwezi wa pili tukaambiwa kinakuja kipya chenye nafasi kubwa na kinarekodi chaneli kadhaa kwa mpigo, nikalipa kianzio siku ile ile. Leo tuko mwezi wa tisa. Kila mwisho wa mwezi napita pale na risiti yangu, dada wa kaunta ameshanizoea mpaka anamuulizia mwanangu, anafungua daftari anapitisha kidole, anasema bado kaka yangu.

Kusubiri ningesubiri tu, ila kuna kitu kinanikosesha usingizi. Ndani ya hiki cha zamani kuna kipindi cha 2019, watu wa televisheni walikuja Kigombe kuwahoji wavuvi, na mzee wangu aliongea kama dakika nne hivi huku anashona wavu wake wa jarife, anaelezea samaki walivyokuwa wanapatikana zamani karibu na miamba. Mzee alifariki mwaka juzi. Sauti yake sina sehemu nyingine yoyote. Sasa wakala kaniambia siku nikija kuchukua kipya nirudishe na cha zamani ndo napata punguzo. Mliopitia hii hali naomba mnielekeze, rekodi zinahama au hazihami?

#2 Mombasa

Pole sana kwa mzee, Mungu amrehemu. Hazihami ndugu yangu. Yalinikuta mie ndo nakwambia mapema.

Mie ni nesi. Tarehe 12 Oktoba 2019, Jumamosi, Kipchoge anakimbia marathoni Vienna, kwetu huku ilianza saa tatu na robo asubuhi na mie niko wodini tangu saa moja. Nilikuwa nimeseti usiku wake kirekodi. Niliporudi jioni nikakaa na kijana wangu tukaangalia yote mwanzo mwisho, na matokeo nlikuwa nishayajua, 1:59:40, maana wodi nzima walikuwa wakipiga kelele hata wagonjwa, lakini wallahi nililia. Kijana wangu alikuwa ndo ameanza kukimbia shuleni, ile rekodi aliiangalia kila kabla ya mashindano, anasimamisha, anarudisha nyuma, anaangalia wale wakimbiaji wasaidizi walivyojipanga mbele ya Kipchoge. Humo humo nlikuwa na Kenya na Tanzania ya AFCON, ile ya 27 Juni, 3-2, Olunga mawili (Watanzania mtanisamehe, ile nayo ilichezwa usiku mkubwa na mie nlikuwa zamu).

Basi 2021 nikaomba king'amuzi kipya, nikasubiri miezi mitano. Siku fundi alipokuja nilikuwa na furaha mpaka nikampikia. Akachomoa cha zamani akatia kwenye mkoba, akafunga kipya, akanionyesha rimoti. Nikamuuliza, na rekodi zangu je? Akasema mama hizo hazihami, hakika hakukuambia mtu ofisini? Hakuna aliyeniambia. Nilipiga simu kesho yake nikaambiwa kishapelekwa na kishafutwa. Mbio zenyewe mtandaoni zipo, nazijua, lakini kijana alikuwa ameweka alama zake, amezoea hiyo yake. Alinyamaza siku mbili. Usikitoe hicho king'amuzi mpaka uwe na dakika zako nne mkononi, hata wakikupa kipya bure.

#3 Muscat

Mimi kusubiri kwangu kulikuwa wiki tatu tu, shida ikawa kwenye waya. Jengo letu dishi ni moja juu la wapangaji wote na kila nyumba imeshushiwa waya mmoja, chombo kipya kinataka mbili ndo kirekodi huku unaangalia kingine. Kikakaa kwenye boksi mwezi mzima mpaka mwenye jengo akaruhusu fundi apande. Kagueni waya kabla ya kulipa.

#4 Fundi, Kariakoo

Nimesoma yote, ngoja niseme ninachokijua maana hizi kazi nafanya tangu kabla hawajazima analojia hapa Dar mwisho wa 2012.

Kwanza kwanini hazihami. King'amuzi hakirekodi picha kama simu inavyorekodi, kinachukua yale mawimbi kama yalivyoshuka kutoka kwenye satelaiti, yamefungwa kwa ufunguo, kinayaweka kwenye disk na ufunguo wake umefungamana na kile kile king'amuzi na kadi yake. Ndo maana watu wanachomoa disk wanaichomeka kwenye kompyuta haisomi kitu, na kompyuta ikikuuliza kama ui-format ukakubali basi umemaliza kila kitu. Mleta mada usimruhusu mtu afungue hicho chombo, hata akikwambia ni mtaalamu.

Pili huo mlio. Disk ya king'amuzi cha kurekodi haipumziki, hata kama hurekodi kitu yenyewe inaandika muda wote ili ukibonyeza pause uweze kurudi nyuma. Miaka nane ni mingi, na umeme wetu huu wa kukatika ghafla unaiua zaidi. Kwahiyo acha kukitumia kwa mechi kuanzia leo, futa ratiba zote za kurekodi, kitoe kwenye kabati kipate hewa, usiweke kitambaa juu.

Tatu njia ya kuitoa. Nyuma kuna tundu tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Chukua waya wa AV, upande wa pili chomeka kwenye kile kifaa kidogo cha kuingiza video kwenye kompyuta, hapa mtaani kwetu vipo, waambie cha kuingiza AV kwenye USB. Cheza kipindi huku kompyuta inarekodi. Usijaribu kwa HDMI, ule waya mmoja bapa wa picha na sauti pamoja, ile ina kinga yake utapata kioo cheusi. Na kabla hata hujatafuta kifaa, leo hii usiku, washa simu yako iweke kwenye kitu kisichotikisika, irekodi TV. Picha itakuwa mbaya lakini sauti ya mzee utakuwa nayo.

#5 Leicester

Namuunga mkono fundi. Huku Uingereza king'amuzi cha kurekodi cha Sky+ kilivyotoka 2001 kilikuwa na disk ya gigabaiti 40, kama masaa 20 tu, kwahiyo tulizoea mapema kuchagua cha kubaki na cha kufuta. Harusi ya binti ya shangazi iliyopita kwenye chaneli ya jamii niliitoa kwenye kanda ya video ya VHS kupitia waya kama huo huo. Bado ninayo.

#6 Mleta mada, Tanga

Wakuu nimerudi. Usiku ule ule nilifanya ya simu kama fundi alivyosema, nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa. Jumamosi kijana wa dukani Dar akanitumia kifaa kwa basi, jana Jumapili tumekaa na mama na wadogo zangu. Mara ya kwanza ikagoma katikati, king'amuzi kikazima chenyewe, mama akashika kichwa. Nikakiacha kipoe nusu saa, nikajaribu tena ikaenda mpaka mwisho. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Nimeweka kwenye simu ya mama, kwenye flashi mbili, na moja kaondoka nayo dada Morogoro.

Dada wa Mombasa asante sana, nimemwonyesha mama ulichoandika.

Kwa wakala nimepita leo asubuhi. Bado. Fundi nina swali moja, sauti imetoka upande mmoja tu wa spika, wa kushoto. Ni waya mweupe au nimekosea tundu?